Daktari wa Mnadani

Sikuitwa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa uuguzi, anayenitambulisha hutangaza kwamba Mungu aliniita nikaitupa digrii yangu, na watu hupiga makofi. Uongo mtupu. Nilikuwa na digrii ya biashara, nilikuwa na meza ghorofa ya tatu katika shirika moja la umma pale Arusha mjini, na nilikuwa naoza kwa kukaa. Hakuna sauti yoyote iliyoniita. Anayependa hadithi za kuitwa akazitafute kwingine.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Kila Jumatatu tulisikia zamu yetu imefika, kila Ijumaa tunaambiwa bado. Mkuu wangu wa idara alikuwa akifika saa mbili asubuhi, anavua koti, analitundika kwenye kiti, kisha anakwenda zake kwenye duka lake la mitumba hadi saa tisa. Akiulizwa tulitakiwa kujibu kwamba yupo, koti lake si hilo hapo? Mimi, msomi wa chuo kikuu, nililipwa mshahara wa kulinda koti. Nililichukia koti lile mpaka nikawa naliota.

Kisha nikaumwa tumbo, nikapasuliwa kidole tumbo, nikalazwa siku tisa. Kwenye kitanda kilichotazamana na changu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, naye kapasuliwa siku ileile. Asubuhi daktari alimpitia akasema anaendelea vizuri. Haikupita saa akaja nesi mmoja mfupi, mkali, mwenye maneno ya karaha kiasi kwamba wodi nzima tulimwogopa. Hakumgusa yule mama. Alisimama miguuni pa kitanda akamtazama, akageuka akapaza sauti: "Mrudisheni daktari, huyu anavuja damu ndani." Na kweli alikuwa anavuja. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kama niliyemchokoza: "Huna macho? Hukuona midomo yake?" Nilikuwa nimemtazama mama yule asubuhi nzima na sikuona kitu. Jamani, iliniuma! Miaka yote ile ya chuo kikuu, halafu mwenzangu anaona na mimi sioni. Nikataka na mimi nione. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sina nyingine.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa kule Akheri, chini ya Mlima Meru, na mzee wa kanisa. Nilipohitimu alichinja dume la ng'ombe, akatundika picha yangu ya joho sebuleni juu ya redio, na kila mgeni aliketishwa mahali ambapo hawezi kuikwepa. Siku niliyokwenda kumwambia kwamba nimeshaandika barua ya kuacha kazi, na kwamba nimepata nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali moja ya misheni, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Uuguzi," alisema. "Kubeba mavi ya watu. Na digrii."

"Ndiyo, baba."

"Pamoja na watoto wa kidato cha nne."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nisikilize, mama." Aliniita mama tangu utotoni, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, lakini siku hiyo neno lilitoka limekunjamana. "Jambo hili lisitoke ndani ya chumba hiki. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu niliowalisha nyama niwaambie nimesomesha nesi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia watu wake hao siku wakilala kitandani hawajiwezi wataoshwa na nesi, hawataoshwa na picha ya joho. Akafungua mlango, akashika kitasa, akasimama hivyo hivyo mpaka nikatoka. Hakunipiga, baba hakuwa mtu wa kupiga. Alininyamazia tu miezi minne, na mimi nikamnyamazia. Salamu nilimpa, shikamoo ni shikamoo, naye aliitika kwa pua.

Ng'ambo ya migomba, katika nyumba yake ndogo ya vyumba viwili, alikaa shangazi, dada mkubwa wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na shangazi, ambaye ndoa yake ilikuwa imemshinda na hakupenda kuulizwa habari zake, ndiye aliyenilea. Alinisuka, alinichapa, alinifundisha kupika loshoro, chakula chetu cha mahindi, ndizi na maziwa ya mgando, isiyo na madonge na kumjibu mtu yeyote anayenidharau. Ulimi nilionao ni wake. Kama ningemwambia habari ya uuguzi angenitukana siku mbili, siku ya tatu angeniuliza nimekula nini. Najua hivyo sasa, na hata siku zile nilijua. Lakini sikumwambia. Kwa ubishi wangu niliona aliyeleta siri na aitoe yeye.

Sisi Walutheri wa huku mlimani ibada ikiisha hatutawanyiki. Mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, mayai, maziwa ya mgando, kuku aliyefungwa miguu. Mnadi husimama kwenye ngazi akipiga kelele, na watu hupandishiana bei kwa utukufu wa Mungu na kwa kukomoana wao kwa wao. Aliyeshinda mara nyingi hachukui alichonunua. Humpa mtu mwingine zawadi, hapo hapo, na hutaja sababu kwa sauti. Kama unataka kujua nani ni nani kijijini kwetu, usiende ofisi ya kata, njoo mnadani.

Jumapili moja, nikiwa nimeshaanza chuo na nimekuja kufuata blanketi, baba alimng'ang'ania jogoo mmoja mwekundu mkubwa. Alipandisha, wenzake wakapandisha, akapandisha tena mpaka wakamwachia. Mnadi akauliza jogoo ni wa nani.

"Wa binti yangu," alisema baba.

Nilishtuka. Miezi minne ya kununiana, halafu jogoo? Kabla sijajua nifanye nini, mfanyabiashara mmoja mwenye duka Kikatiti, mtu asiyeweza kuona jambo la mwenzake akalinyamazia, akauliza kwa kicheko: "Huyu msomi wetu? Si tumesikia ameacha ofisi?"

Watu wote wakamgeukia baba. Kisha akainua kichwa, akasema bila kupepesa: "Ameacha ofisi kwa sababu yuko hospitali anasomea udaktari. Digrii ya kwanza haikumtosha."

Eeh! Vigelegele vilipasuka pale nje kama harusini. Mchungaji alipiga makofi. Shangazi alitoka katikati ya wanawake wenzake mbio, kanga ikimdondoka, akanishika mkono akauinua juu, akacheza na mimi mbele ya kanisa zima. "Daktari wangu!" alikuwa akisema. "Huyu nimemlea kwa mikono hii, daktari wangu!" Wakanipa jogoo mikononi. Nikamtazama baba, na yeye akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ya mlango. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ananiamuru.

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ninao, wanaonijua wote ni mashahidi. Nikasema, "Asanteni."

Sasa mtu aniambie baba ndiye mwongo.

Chuoni maisha yalikuwa mengine kabisa. Wenzangu walikuwa wasichana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, na mimi nilikuwa nakaribia ishirini na saba. Waliniita Dada Digrii. Nikidondosha beseni, utasikia, "Dada Digrii, hilo nalo mlisomea wapi?" Mwalimu wetu wa mafunzo ya wodini alinipokea siku ya kwanza kwa kuniambia kwamba yeye hajali nimetoka chuo gani, na kwamba kama nimekuja kutafuta mume daktari nimeshachelewa kwa umri. Alinifanya nitandike kitanda kimoja mara kumi na moja mbele ya darasa kwa sababu pembe za shuka hazikulala anavyotaka. Mara ya kumi na moja nilimwambia mgonjwa angekuwa ameshapona akaenda kwake. Nikapewa wiki mbili za kusugua vyoo.

Chumbani nililala na msichana wa Kichaga kutoka Machame, mtoto wa mwenye duka, mwongeaji kama redio iliyovunjika swichi. Nilikuwa simpendi. Alikuwa akicheka kila kitu, hata msibani nadhani angecheka. Lakini mikono yake, haki ya Mungu, ilikuwa mikono ya kazi hii. Mgonjwa anayepiga kelele akiguswa na mimi, kwake alitulia. Mimi nilijua kwa nini dawa fulani hufanya inachofanya, naye hakujua na hakujali. Alikuwa akinitazama nafunga kidonda, anasema, "Dada Digrii, si barua hiyo, usiikunje." Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Huku chuoni nikiwa si kitu, Akheri nilikuwa daktari. Kila Jumamosi niliyopata ruhusa na kwenda nyumbani niliwakuta watu wameketi kwenye benchi la baba, wanangoja. Mzee mwenye kikohozi. Mama mwenye maumivu ya kiuno. Baba alikuwa amewaita, akiwapokea mwenyewe na kuwapa chai, akiniita kwa sauti ambayo jirani wa tatu angeisikia. Mimi nilikuwa nawaambia wote kitu kimoja, nendeni hospitali mkapimwe. Basi wakaondoka wakisema daktari ameagiza wakapimwe, na heshima ya baba ikapanda. Tukibaki wawili nilimfokea. Nilimwambia siku moja mtu ataamini uongo wake kwa mwili wake, na hapo asiniite.

"Nani amekudhuru?" aliniuliza. "Umemwua nani? Watu wanafurahi. Wewe maliza tu masomo yako, mambo ya majina ya kazi nani anayajua huku?"

Nikanyamaza tena. Nilikuwa nimezoea kufoka sebuleni na kunyamaza uani.

Na ngoja niseme lililo baya zaidi. Nilipenda. Si benchi la baba, hilo lilinikera. Nilipenda shangazi alivyonitazama. Jumamosi za soko la Tengeru nilipita kumsalimia alipouza maparachichi yake, na alikuwa akiwasimamisha wateja wa watu ili waniangalie. Wodini naitwa "wewe mwanafunzi," "wewe mzembe," "wewe mzee wa darasa." Pale Tengeru nilikuwa mtoto wa mtu. Mwaka wa pili tulipofundishwa kisukari niliacha kuandika, kwa sababu kila dalili iliyoandikwa ubaoni nilikuwa nimeiona kwa shangazi: kiu isiyoisha, kukonda, ganzi ya miguu aliyosema ni uzee. Jumamosi iliyofuata nilimwambia aende akapimwe mkojo.

Akacheka. "Nikapange foleni kwa watu baki, na wewe upo? Utanipima wewe mwenyewe, daktari."

Ilikuwa nafasi yangu ya pili. Sokoni, maparachichi mbele yetu, watu hawatusikii. Nikasema, "Haya, shangazi, nikipata muda." Nikapokea parachichi nikaondoka.

Mwaka huo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wanunuzi wapya wa binafsi walikuja na maneno matamu na hawakurudi, na baba kwa hasira alikata mistari yote ya kahawa iliyokuwa karibu na nyumba ya shangazi ili apande nyanya. Wakataji walibakiza visiki vifupi vyenye ncha. Jumatatu moja shangazi alikwenda kukata majani ya ng'ombe, akakanyaga kisiki. Kilimwingia unyayoni, na hakusikia hata maumivu. Aliona damu kwenye kandambili alipofika nyumbani.

Zahanati haikuwa mbali. Angekwenda kwa miguu siku hiyo hiyo, hata kesho yake. Jirani alimwambia. Shangazi akasema mwanawe atakuja Jumamosi, kwa nini amwonyeshe mguu mtu asiyemjua na daktari wake yupo? Baba akaunga mkono. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akamwambia, "Daktari wetu anakuja."

Jumamosi hiyo sikwenda. Ruhusa nilikuwa nayo mkononi. Lakini katikati ya wiki baba alikuwa amenitumia ujumbe kwamba kuna kipaimara cha mtoto wa mchungaji na nimewekwa kwenye orodha ya wageni wa heshima, nije nimevaa koti jeupe. Koti jeupe! Niliponda ile karatasi nikaitupa. Nikakaa bwenini Jumamosi nzima nafua nguo, nafurahia kumkomoa baba, najiambia na amtafute daktari wake amvalishe. Habari ya mguu haikuwamo kwenye karatasi ile; baba alijua Jumamosi nitauona mwenyewe. Jumamosi ya pili tulikuwa na mtihani.

Walimleta siku ya kumi na nne, kwenye pikapu ya mnunuzi wa ndizi. Nilikuwa zamu wodi ya upasuaji ya wanawake. Nilisikia harufu kabla ya kuona uso, na niligeuka kumwandalia mgonjwa kitanda nikakuta ni yeye. Alikuwa na homa, macho yamezama, na aliponiona akatabasamu, akamwambia aliyemshika bega, "Si niliwaambia? Huyu hapa. Nilijua atakuja."

Nilifungua kitambaa. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba hakuna aliyehitaji kunionyesha. Niliona mwenyewe, mara moja, kwa macho yangu niliyoyataka, na nikajua mguu hauponi.

Daktari aliamua ukatwe chini ya goti asubuhi ile ile. Nikiwa nasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, shangazi alinivuta mkono. "Ni wewe utakayenikata?"

"Hapana, shangazi. Kuna mwingine."

"Mkubwa wako?"

"Ndiyo. Mkubwa wangu."

Hata hapo. Mwanamke anakwenda kukatwa mguu, na mimi bado nalinda koti jeupe la kubuni.

Alipona homa. Siku tano za kwanza alikuwa analala tu, na waliomfunga kidonda walikuwa manesi wakubwa, kwa hiyo mimi nilimlisha uji, nikamfuta uso, na kila mgonjwa wa pembeni aliambiwa huyo ni mwanangu, daktari. Wale wagonjwa waliitazama sare yangu ya mwanafunzi, kisha wakamtazama, wakanyamaza kwa huruma. Ikawa ni wao nao wanamficha.

Jumapili baba akaja saa za kuona wagonjwa, na wazee wa kanisa wanne nyuma yake, wote na suti zao za ibada. Waliimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, wakaomba. Baba akamaliza maombi mwenyewe, na mwishoni akashukuru: "Katika saa ya shida familia haikuachwa, kwa kuwa daktari wetu wenyewe alikuwa hapa hapa akausimamia uhai wa dada yangu, amina."

"Amina," wakasema wazee.

"We mwanafunzi!" Sista mkuu wa wodi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, naye hakuwa mtu wa kusubiri amina ya mtu. "Umesimama hapo kama mgeni rasmi? Kitanda namba nne amemaliza, bedipani imejaa. Toa!"

Nikaenda. Nikaitoa bedipani, nikaifunika kitambaa, nikaibeba kwa mikono miwili nikapita katikati ya wale wazee wa kanisa, maana njia ilikuwa ni hiyo moja. Walikusanya makoti yao nisiyaguse. Nilipokuwa narudi nilimsikia baba anawaeleza kwa utulivu kabisa: "Madaktari wa siku hizi wanaanza chini. Wanafundishwa kila kitu."

Hapo nikapandwa na hasira. Miaka miwili yote ilinijia kichwani kwa pamoja. "Baba," nilisema, na sauti ilisikika hadi varanda. "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mwaka wa pili. Sijawahi kusomea udaktari hata siku moja, na wewe unajua tangu siku uliyofunga dirisha. Waambie."

Hakuwaambia. Wazee waliangalia viatu. Mmoja akakumbuka ng'ombe hajanyweshwa. Baba aliokota kofia yake kitandani, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akatoka akiwa wima, wenzake nyuma yake mmoja mmoja bila kuaga. Mtu mzima aliaibika siku ile mbele ya wodi nzima, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Nilimwona anavuka uwanja na jua limempiga kisogoni nikasema moyoni, umeyataka. Shangazi alikuwa amegeukia ukutani. Nilidhani amelala.

Kesho yake asubuhi kwa mara ya kwanza nilipangiwa mimi kumfunga kidonda. Nikaandaa kitroli changu vizuri, shashi, bandeji, dawa, vibanio, kila kitu mahali pake. Nikavuta pazia. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Ningemwambia kwamba baba ametuponza wote wawili, na sasa yamekwisha.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitika. Alikuwa ameketi, amejifunga kilemba chake upya, na macho yake yalikuwa makavu.

"Kwa hiyo tangu mwanzo," alisema.

"Tangu mwanzo. Baba alisema—"

"Baba yako namjua tangu anatambaa. Akiniambia kumekucha natoka nje nikaangalie mwenyewe." Alisema taratibu, bila kelele, yeye ambaye kelele ilikuwa ndiyo salamu yake. "Pale mnadani nilicheza lakini sikumwamini. Nilikutazama wewe. Wewe ukasema asante."

Nikavipanga upya vibanio vilivyokuwa vimeshapangika.

"Sokoni nilikuambia utanipima. Ukasema ukipata muda. Ungesema wakati ule, 'Shangazi, mimi nesi tu, nenda kwa wenye kazi yao,' ningekutukana nikaenda. Unanijua. Ningekwenda." Akaivuta shuka juu ya kigutu chake, pole pole, kama anayemfunika mtoto. "Wiki mbili nimekaa kibarazani na mguu huu. Sikumngoja baba yako. Nilikungoja wewe, kwa sababu wewe hujawahi kunidanganya."

Nilinyoosha mkono niishike bandeji.

"Usiniguse," alisema. "Mwite yule mtoto mwingine. Yule anayecheka."

Nilimfuata yule msichana wa Machame alikokuwa anagawa vidonge. Nikamwambia shangazi yangu anamtaka yeye. Alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka wala hakuniita Dada Digrii. Akanawa mikono akaingia.

Nikasimama upande huu wa pazia, kwa sababu kazi inataka watu wawili. Alipohitaji shashi safi nilimpenyezea. Alipotoa chafu niliipokea kwenye sahani. Namsikia shangazi akimuuliza kwao ni wapi, mama yake anafanya kazi gani, mbona hana woga na damu. Namsikia akicheka kidogo. Kisha akamwambia, "Una mikono mizuri, mwanangu," na mimi nikaenda kumwaga zile takataka.

Alikaa nasi wiki sita, na kidonda kilifunga vizuri. Sikukifunga mimi hata mara moja.